Kukimbia Baridi kwa Gari: Kutoka Minneapolis Hadi Jangwa la Arizona

Mtu aliyekulia Tanga hahitaji kufundishwa jambo hili. Pale Mombo unatoka jasho, unanunua maji ya baridi kupitia dirisha la basi. Basi linapanda Usambara kilomita thelathini na kitu tu, na ukishuka Lushoto unatafuta sweta. Si kwamba umekwenda kaskazini au kusini. Umepanda tu.

Nimeanza na hili kwa sababu ndilo kosa linalowatesa wazee wenzetu wanaoanza safari za kuhama baridi huku Marekani. Wanafungua ramani, wanaona New Mexico iko kusini kabisa, wanajua wameshafika kwenye joto. Kumbe Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Flagstaff, iliyo ndani ya Arizona hiyohiyo ya jangwa, iko kama mita 2,100, na theluji yake ni ya kuzolewa kwa koleo. Quartzsite, mji mdogo wa Arizona tunakokwenda, haifiki mita 300. Kwa hiyo ukiniuliza safari hii inapangwaje, nitakwambia: soma kimo cha barabara kwanza, maili baadaye.

Wamarekani na Wakanada wanawaita watu wa aina yetu "ndege wa theluji", wastaafu wanaofunga nyumba majani yanapopukutika, wakashuka kusini na kurudi majira ya kuchipua. Mimi nilikuwa muuguzi msaidizi, mzee wangu, yaani mume wangu, aliendesha mabasi. Baridi ya Minnesota tuliivumilia miaka zaidi ya ishirini, mpaka magoti yake yakakataa. Sasa tunavuta trela la kulala kwa pikapu, na kila Oktoba tunakwenda. Ninayoyaandika hapa ndiyo tunayoyafanya, kwa mpangilio tunaoufuata.

Hatua ya kwanza: Chagua tarehe, na uiheshimu

Sisi tunaondoka kati ya tarehe 10 na 20 Oktoba. Majirani hutuambia ni mapema mno, miti bado ina majani mekundu na mchana jua linawaka. Lakini watu wa Minnesota wa umri wetu wote wanaikumbuka dhoruba ya mwaka 1991. Ilianza tarehe 31 Oktoba, na ilipotulia siku tatu baadaye Minneapolis ilikuwa imefunikwa na theluji ya sentimita 72, na Duluth zaidi ya sentimita 90. Trela halivutwi ndani ya hali kama hiyo. Ukichelewa mpaka Novemba si lazima ikukute, ila utakuwa unalala ukisikiliza utabiri wa hewa kila usiku, na mtu wa miaka sabini haifai aendeshe gari akiwa na wasiwasi wa namna hiyo.

Usitangulie sana pia. Mwanzoni mwa Oktoba Albuquerque ina tamasha kubwa la maputo ya hewa ya moto, na viwanja vya trela vya eneo zima hujaa. Kama unataka kuyaona maputo, weka nafasi miezi mingi kabla. Kama hutaki, pita yakishaisha.

Hatua ya pili: Dawa, bima na vitambulisho

Dirisha la kubadili mpango wa Medicare, bima ya afya ya wazee, hufunguliwa tarehe 15 Oktoba na kufungwa 7 Desemba, yaani wakati uleule ambao uko barabarani. Limalize jambo hili mezani nyumbani. Medicare ya serikali yenyewe inafanya kazi jimbo lolote, ilimradi daktari anaipokea. Mipango ya kampuni binafsi mara nyingi ina orodha ya madaktari wa eneo lako tu, na nje ya hapo inalipia dharura peke yake. Piga simu uulize hivi: "Nikikaa Arizona miezi mitano na nikahitaji kumwona daktari wa kawaida, mtalipa?" Andika jibu, tarehe na jina la aliyekujibu.

Mwombe daktari akuandikie dawa za siku 90. Tengeneza karatasi moja yenye majina ya dawa zote, vipimo na magonjwa, chapa nakala mbili. Moja kwenye mkoba, nyingine ndani ya kabati dogo la gari lililo mbele ya kiti cha abiria. Siku mzee alipopata kizunguzungu Kansas, yule kijana wa gari la wagonjwa alisoma karatasi ile kabla hajaniuliza neno lolote, na dakika zile zilikuwa na thamani kwangu kuliko kitu chochote tulichopakia.

Kama unaishi kwa kadi ya kijani, sheria inamtaka kila mwenye kadi aliyetimiza miaka 18 atembee nayo. Barabara za karibu na mpaka wa Meksiko zina vituo vya ukaguzi vya askari wa mpakani, wakati mwingine makumi ya maili ndani ya nchi. Kwa kawaida huulizwa uraia tu na kuruhusiwa kupita. Kadi ikae mahali ambapo mkono unaifikia bila kupekua mabegi.

Wenzetu wa Toronto na Calgary wana hesabu zao. Raia wa Kanada kwa kawaida huruhusiwa kukaa hadi miezi sita, lakini mkaazi wa Kanada mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anahitaji viza ya Marekani kabla hajafika mpakani. Tangu Aprili 2025 mgeni anayekaa siku 30 au zaidi anatakiwa awe na kumbukumbu ya usajili, kwa hiyo ukivuka kwa gari hakikisha una rekodi ya I-94, ile ya kuingia nchini. Bima ya afya ya safari mnunue kabla ya kuvuka, na muulize jimbo lenu linaruhusu siku ngapi nje kabla bima ya nyumbani haijakatika. Ontario ni siku 212 katika kipindi chochote cha miezi 12.

Hatua ya tatu: Funga nyumba

Adui wa nyumba tupu Minnesota ni maji. Bomba likiganda linapasuka, na linapoyeyuka maji yanamwagika wiki nzima bila mtu kujua. Funga koki kuu, fungua mabomba yote ya juu na ya chini mpaka yaishe, vuta choo mara mbili. Joto la nyumba liache kama nyuzi 13, usilizime. Mwachie ufunguo mtu wa kuaminika aingie mara moja kwa wiki, na uliza kampuni ya bima inataka nyumba ikaguliwe kila baada ya siku ngapi, maana baadhi ya mikataba hukataa kulipa kama nyumba iliachwa bila kuangaliwa.

Barua zihamishe kwa muda kupitia posta. Unaweza kuanza na miezi sita, kisha ukaongeza hadi mwaka.

Hatua ya nne: Trela

Hapa nitakaa kidogo, kwani ndipo ajali zinapotengenezwa.

Chuchumaa kando ya kila tairi na tochi. Ubavuni kuna herufi DOT na mwishoni mwake tarakimu nne. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3519 ni tairi la wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi za trela hazifi kwa kuisha kashata kama za gari dogo. Zinakufa kwa kukaa juani zimesimama, mpira unakauka na kupasuka vistari vyembamba kama udongo wa bwawa lililokauka. Sisi hatuvuti juu ya tairi lililopita miaka sita, hata kama kashata yake inameta. Upepo pima asubuhi kabla hujasogea, tairi likiwa baridi, na pima tena kila siku. Joto la hewa likipanda nyuzi tano na nusu hivi, upepo unaongezeka kama pauni moja. Utaondoka Minneapolis kwenye umande ulioganda na kufika bondeni kwenye nyuzi 30, kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza hakitakufaa siku ya mwisho. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 80 za mwanzo.

Upakiaji: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela ikalie kwenye kiungio cha pikapu. Ukipakia vitu vizito nyuma, trela litaanza kutikisa mkia kwenye mteremko, na kutulia kwake ni shida. Mahindi, gunia la mchele, sanduku la spana, vyote viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi tangi la lita 150 likijaa ni kama umepakia watu wawili wazima.

Maji ndiyo yaliyotufunza adabu. Mwaka wa kwanza tulifika Tucumcari mchana, jua kali, tukafurahi, tukafungua mfumo wa maji wa trela na kujaza tangi. Tucumcari iko zaidi ya mita 1,200. Usiku ule joto lilishuka chini ya sifuri. Asubuhi nilifungua kabati la chini ya sinki nikakuta barafu nyembamba imelala juu ya sufuria zangu, na kiungo cha bomba kimechanika kama ganda la karanga. Ndiyo maana siku hizi tunaondoka nyumbani mabomba ya trela yakiwa na ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, ile isiyo na sumu inayouzwa kwa ajili ya mabomba ya kunywea, na tunasafiri nayo hivyohivyo. Maji ya kupikia na ya udhu tunabeba kwenye madumu ndani ya pikapu. Vyoo tunatumia vya vituo. Mabomba tunayafungua tukifika Gila Bend, mita 220 hivi, na si kabla.

Mwisho, jaribu kengele ya moshi na ile ya hewa ya sumu ya kaboni. Jiko la gesi halitumiki kupashia joto chumba cha kulala. Hata usiku mmoja tu.

Hatua ya tano: Njia

Safari nzima kwa njia yetu ni kama kilomita 3,200. Kwenye simu utaonyeshwa njia fupi zaidi inayopita Flagstaff. Iache.

Kanuni yetu ni kilomita 300 kwa siku, tuongeze kidogo pale mji unapotulazimisha, na ifikapo saa tisa alasiri tuwe tumeshaegesha. Kuegesha trela mchana, ukiona matawi, nyaya na mteremko, ni kazi ya dakika kumi. Kuegesha gizani mmechoka ndiyo chanzo cha ugomvi wa wanandoa na mabampa yaliyobonyea.

Siku mbili za kwanza ni barabara kuu ya 35: Minneapolis hadi Des Moines, kisha Kansas City. Mashamba ya mahindi yamevunwa, mavi ya ng'ombe yamemwagwa, hewa ni ya baridi kavu. Kutoka Kansas City kwenda Wichita ni barabara ya kulipia, na tangu 2024 hakuna kibanda cha kupokea pesa taslimu. Kamera inapiga picha namba ya gari, bili inakuja kwa posta. Hakikisha barua zako zinahamishwa, la sivyo bili itakaa sandukuni ikizaa faini.

Wichita tunaacha barabara kuu na kushika ya 54 kuelekea kusini-magharibi: Pratt, Greensburg, Liberal, halafu Guymon upande wa Oklahoma, Dalhart upande wa Texas, mpaka Tucumcari. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, ingawa watu wengi huiona tupu. Maghala ya nafaka unayaona nusu saa kabla hujayafikia, kama minara ya misikiti kwenye uwanda. Greensburg ilifutwa na kimbunga Mei 2007, karibu nyumba zote, na watu wake wakaujenga upya mji kwa nishati ya upepo uleule uliowaangamiza. Tunasimama pale kila mwaka, tunanunua kahawa na kujaza mafuta. Katika kipande hiki tangi lisishuke chini ya nusu.

Kutoka Tucumcari tunashika barabara ya 40 hadi Albuquerque, na hapo badala ya kuendelea magharibi kwenda Flagstaff tunageuka kusini na barabara ya 25, tukiufuata mto Rio Grande. Kila saa moja ya kuendesha unashuka kidogo, na unaanza kuyasikia mabadiliko kwenye vioo vya gari.

Kusini ya Socorro kuna hifadhi ya Bosque del Apache. Laleni karibu, muamke kabla ya jua. Kuanzia mwisho wa Oktoba korongo wa kijivu wanaoshuka kutoka kaskazini hulala wamesimama ndani ya maji ya kina kifupi, kwa maelfu. Mwaka jana tulikaa garini tumeshika vikombe vya chai ya tangawizi, giza bado, tunasikia sauti zao tu, kama milango mingi ya mbao inafunguliwa polepole. Mwanga ulipopenya tukawaona. Barafu nyembamba imewazunguka miguuni, wananyoosha shingo, mmoja akapiga hatua tatu na kuruka, na wengine wakafuata wawiliwawili. Korongo huishi na mwenzi mmoja miaka na miaka. Mzee alinishika mkono, hakusema kitu. Msimu huohuo mbayuwayu wa Ulaya wanakuwa wanashuka kuelekea kwetu Afrika Mashariki, na mimi huwafikiria wao pia, jinsi mama yangu alivyokuwa akiwaonyesha juu ya waya za simu.

Kama mmepita mapema na korongo bado hawajafika, msisikitike sana: Hatch iko mbele, na pilipili zake zinaning'inia barazani kwa mashada mekundu. Nunueni zilizokaushwa. Kwenye maharage ya nazi zinakubali kabisa.

Hatch mnakata njia fupi hadi Deming, mnashika barabara ya 10 kwenda Tucson, kisha ya 8 kupitia Gila Bend hadi Yuma. Kutoka Yuma barabara ya 95 kwenda kaskazini, kilomita kama 130, mko Quartzsite.

Hatua ya sita: Upepo na vumbi

Kansas, Oklahoma na Texas Kaskazini hakuna mlima wa kuzuia upepo. Trela ni tanga. Sisi tukiona utabiri wa upepo wa ubavuni unaozidi kilomita 50 kwa saa, hatutoki. Tunapika, tunafua, tunasubiri kesho. Siku ya kusubiri iweke kwenye hesabu tangu mwanzo, angalau mbili, ili isikuume.

Vumbi ni jambo jingine, na linaua. Kati ya Deming na mpaka wa Arizona barabara ya 10 inapita ziwa kavu karibu na Lordsburg. Upepo ukiamka pale, ukuta wa vumbi unafunga barabara kwa sekunde chache, na malori yanagongana mfululizo. Ukiona alama za onyo zinawaka, simama Deming au Lordsburg. Likikukuta ndani, toka nje ya barabara kabisa, mbali na lami kadiri inavyowezekana. Zima taa zote, hata za dharura, vuta breki ya mkono, ondoa mguu kwenye breki. Watu hushangaa kuambiwa wazime taa. Sababu ni kwamba anayekuja nyuma hazioni alama za njia, anaona taa zako nyekundu tu, anadhani ndiko barabara inakokwenda, anakufuata na kukugonga.

Hatua ya saba: Kuweka kambi

Kusini ya Quartzsite kuna La Posa, ardhi ya serikali iliyotengwa kwa wakaaji wa muda mrefu, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili. Kwa miaka mingi kibali cha msimu mzima kimekuwa dola 180, na cha siku 14 dola 40. Thibitisha bei ya mwaka wako kabla ya kuondoka. Kwa ada hiyo unapata ardhi, maji, mahali pa kumwaga maji machafu na pa kutupa taka. Umeme hakuna, unakuja na paneli zako za jua. Penginepo kwenye ardhi ya serikali mnaweza kukaa bure siku 14, kisha mnahama. Aliyetimiza miaka 62, raia au mwenye kadi ya kijani, anunue ile kadi ya wazee ya hifadhi za taifa, dola 80 maisha yote. Haipunguzi ada ya La Posa, lakini njiani italipa.

Ukichagua mahali, tazama chini. Ule mkondo mkavu wenye mchanga laini na vivuli vya miti ndipo panapovutia, na ndipo mafuriko yanapopita. Mvua inaweza kunyesha mlimani usipoiona na maji yakakufikia chini ya anga safi. Egesha juu, kwenye kokoto. Mlango wa trela uelekee mashariki kama unaweza, jua la asubuhi likupashe na la alasiri lipige mgongo wa trela.

Maji tunayatumia kwa mazoea ya nyumbani. Majirani zetu wanaoga kwa bomba la mvua na tangi linakauka siku ya tatu. Sisi tunachemsha birika moja, tunachanganya ndani ya ndoo, na kila mmoja anaoga kwa kopo, lita tano zinatosha mpaka na nywele. Vyombo ni beseni mbili, la povu na la kusuuzia. Lita 150 zinatufikisha siku kumi. Maji machafu hayamwagwi ardhini, yanakwenda kwenye tangi lake.

Kuhusu saa: Arizona haigeuzi saa, isipokuwa eneo la Wanavajo, na Afrika Mashariki hatugeuzi. Tofauti ni saa kumi mwaka mzima. Ikiwa Quartzsite ni saa mbili asubuhi, Tanga ni saa kumi na mbili jioni. Baada ya miaka ya kuhesabu mara tisa mara nane, hili limenirahisishia kumpigia mama.

Januari Quartzsite, mji wa watu wapatao 2,400, unafurika kwa maonyesho ya magari ya kulala na ya vito na mawe. Nunueni vyakula kabla ya wiki zile.

Hatua ya nane: Afya jangwani

Viatu vikung'ute kila asubuhi, nge wa Arizona wanapenda giza na unyevu. Nyoka wa kengele bado wanatembea Oktoba, tembea na tochi usiku. Beba chanuo la meno mapana mfukoni. Kuna mpungate mmoja, choya, ambao vipande vyake hunasa mguuni ukiugusa kidogo tu, na ukivuta kwa mkono vinahamia mkononi. Unapitisha chanuo katikati, unang'oa kwa mara moja.

Sasa nisikilizeni kwa hili, kwa sababu kwetu lina uzito zaidi. Udongo wa kusini mwa Arizona una kuvu wanaosababisha ugonjwa unaoitwa homa ya bonde. Unavuta vumbi, na baada ya wiki moja hadi tatu unaanza kukohoa, kuchoka, homa, maumivu ya kifua. Wengi hupona wenyewe. Lakini watu wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu kusambaa nje ya mapafu, na wenye kisukari wako katika hatari ya kuugua vibaya. Hauambukizwi na mtu. Siku ya vumbi kaa ndani au vaa barakoa, nyunyiza maji kabla ya kufagia mbele ya mlango. Na ukirudi Minnesota ukawa na kikohozi kisichoisha, mwambie daktari kwa kinywa chako: nilikuwa Arizona, nipime homa ya bonde. Madaktari wa kaskazini hawaioni mara nyingi na wanaweza kukutibu nimonia wiki nyingi bila mafanikio.

Meno: kutoka Yuma, wazee wengi huvuka kwa miguu kwenda Los Algodones, Meksiko, mji mdogo uliojaa madaktari wa meno na maduka ya miwani. Gari mnaliacha upande wa Marekani. Mwenye kadi ya kijani achukue kadi na pasipoti iliyo hai. Foleni ya kurudi hurefuka mchana wa Januari, na mpaka hufungwa usiku, basi vukeni asubuhi.

Mkiwa Yuma msirudi bila tende. Mitende ya Medjool inayojaza bonde la Bard, ng'ambo ya mto, inatokana na machipukizi 11 yaliyoletwa kutoka Moroko mwaka 1927, wakati ugonjwa ulipokuwa unaiangamiza kule. Zinavunwa vuli, kwa hiyo mnafika zikiwa mpya, laini, ganda linatoka kwa ulimi. Ramadhani miaka hii inaangukia wakati bado tuko jangwani, na tunafuturu kwa tende hizo nje ya trela, milima ikiwa imegeuka zambarau.

Pale Quartzsite penyewe, makaburini, kuna piramidi ndogo ya mawe yenye ngamia wa chuma juu yake. Ni kaburi la Haji Ali, mwana wa Syria ya Waosmani, aliyeletwa 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi la Marekani lilitaka kuwajaribu kubeba mizigo jangwani. Wamarekani hawakuweza kulitamka jina lake, wakalifanya "Hi Jolly", na ndivyo lilivyoandikwa. Alifariki 1902. Nenda asubuhi, msomee Fatiha. Sisi tunamwita kwa jina lake.

Hatua ya mwisho: Kurudi

Kibali kinakwisha 15 Aprili na joto la bonde linakuwa limeanza kuuma. Lakini Minnesota Aprili bado inaweza kumwaga theluji. Kwa hiyo kimo kinasomwa kwa kurudi nyuma. Kabla ya kuondoka Gila Bend toa maji yote kwenye mabomba na rudisha dawa ya waridi, kwa sababu mbele yako kuna Deming, Albuquerque na Tucumcari tena, na usiku wao bado ni wa barafu. Upepo wa machipuo kwenye barabara ya 54 ni mkali kuliko wa vuli, ongeza siku mbili za kusubiri. Ukifika Kansas City mpigie aliyebaki na ufunguo, aongeze joto la nyumba. Koki ya maji asiiguse. Hiyo ifungueni wenyewe, mmoja akiwa chini kwenye koki na mwingine akipita chumba kwa chumba, akisikiliza.